Wametuita, ramani ikiwa imeshachorwa

Ukitaka kujua kama mkutano wa hadhara kuhusu mpango wa ufuko, yaani waraka unaoamua ufuko utalindwa na kutumiwa vipi, ni wa kweli au wa kutimiza sheria tu, tazama ramani iliyobandikwa ukutani. Kama mistari imeshachorwa, rangi zimeshapakwa, na aliyesimama mbele anasema "tumekuja kuwasikiliza", jua umeitwa kushuhudia. Mvuvi atauliza vyombo vitapandishwa wapi wakati wa bamvua, ataambiwa hoja imepokelewa, kisha atatia saini karatasi ya mahudhurio. Karatasi hiyo ndiyo itakayoambatishwa kwenye ripoti kuthibitisha kwamba wananchi walishirikishwa.

Wapangaji nao wana hoja, na si ndogo. Mchanga haujui mpaka wa halmashauri. Mawimbi yakipiga ufuko kwa mshazari huusukuma kando ya pwani, leo kidogo, kesho kidogo, na anayejenga ukuta upande huu humnyima mchanga jirani wa upande ule. Ndiyo maana pwani ya Uingereza na Wales iligawanywa katika maeneo makuu 11 kwa kufuata mwendo wa mchanga, na mipango ya ufuko ikajengwa juu ya mgawanyo huo. Halmashauri zinazogawana mchanga mmoja zikabidi zikae meza moja. Katika hilo sina ugomvi na mtu.

Ila kukaa meza moja na halmashauri jirani si sawa na kukaa na mwenye nyumba, na kijiji cha Fairbourne, magharibi mwa Wales, kinanipa ushahidi. Kipo kwenye ardhi ya chini kabisa, bahari mbele, mto ubavuni, milima nyuma. Mpango wa pwani ile uliunganisha halmashauri kadhaa, na kwa upande wa serikali kuelewana na serikali, kazi ilifanyika vizuri. Halmashauri ya Gwynedd ikaupitisha mwaka 2013. Ndani yake mlikuwa na uamuzi kwamba utafika wakati kijiji kitaacha kulindwa dhidi ya bahari, na baadaye mwaka 2054 ukaanza kutajwa kama ukomo. Wakazi wengi habari hiyo waliisikia kwenye televisheni mwanzoni mwa 2014. Thamani ya nyumba ikaanguka, na anayetaka kuuza akakosa mnunuzi mwenye mkopo wa benki.

Sidhani kuna ofisa aliyekusudia kuwaficha. Mwongozo wa mipango hiyo wenyewe unataka wananchi washirikishwe. Tatizo ni kwamba rasimu huandikwa kwa lugha ya wahandisi. Kuna sera nne tu, na "mstari" ndani yake ni ule wa kuizuia bahari: kushikilia mstari, kuusogeza mbele, kuurudisha nyuma kwa utaratibu, au kutofanya lolote. "Kuurudisha mstari nyuma kwa utaratibu" ni maneno ya upole sana. Kwa mwenye nyumba maana yake ni hama, na kama tangazo lingeandikwa hivyo, ukumbi ungejaa siku ile ile.

Mfumo ninaoupenda zaidi, pamoja na kasoro zake, ni wa jimbo la Washington, Marekani. Sheria yao ya kusimamia fukwe ni ya 1971, na mwaka uliofuata wananchi waliipigia kura. Mji au kaunti huandika mpango wake, Idara ya Ekolojia ya jimbo huukagua na kuuidhinisha, na mamlaka ya mpango huo yanafika nchi kavu futi 200 kutoka alama ya maji yanapojaa, yaani kama mita 60. Zamani mtu alitoa maoni mjini, mpango ukapitishwa, halafu jimbo likafungua tena dirisha lake la maoni. Wengi huchoka kusema jambo moja mara mbili. Tangu 2017 mji na jimbo wanaweza kukusanya maoni kwa pamoja, kwa siku zisizopungua 30. Linalonivutia zaidi ni dogo: mji unapaswa kuzijibu kwa maandishi hoja zilizotolewa. Mimi ningeibadilisha mikutano mitatu ya hadhara kwa jibu moja la maandishi linalosema "hatukukubali, na sababu ni hii."

Huko huko kuna jambo ambalo wapangaji wengi hulikosea. Mwaka 1974 Jaji George Boldt wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba mikataba iliyotiwa saini na serikali ya Marekani katika miaka ya 1850 inayapa mataifa ya wenyeji wa asili haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Sasa fikiria: samaki wadogo wanaoliwa na samoni hutaga mayai kwenye mchanga na changarawe za juu ufukweni, pale pale watu wanapopenda kujenga kuta za kuzuia mawimbi. Katika Puget Sound, mkono wa bahari ulioingia ndani ya jimbo hilo, zaidi ya robo ya ufuko imeshajengewa kuta. Ukuta wa mtu mmoja, basi, unagusa mkataba wa serikali na serikali. Mataifa haya yakiwekwa kwenye orodha ya "wadau", kati ya klabu ya mashua na chama cha wenye hoteli, yamekosewa kiheshima na kisheria pia. (Neno lenyewe "wadau" silipendi, humweka mwenye haki na mwenye shauku kwenye benchi moja.)

Ningekuwa na uwezo wa kupanga mkutano wa kwanza, nisingebandika ramani. Ningetandaza karatasi yenye mstari mmoja tu, wa maji, na hata huo ningeuchora kwa penseli. Ningeualika upande wa pili wa mpaka, halmashauri inayopokea mchanga wetu, ije siku hiyo hiyo, isingoje kutumiwa nakala. Na saa ya mkutano ningeipanga kwa kutazama maji yanavyokupwa na kujaa, maana saa nne asubuhi wenye vyombo wanaweza kuwa baharini.