Namba ya mgeni nayo inataka hodi

Mie nipo Uingereza mwaka wa 11 huu, kazi yangu kukaa mlangoni kwenye nyumba moja ndogo ya makumbusho, nakata tiketi na kukusanya maoni ya wageni. Disemba nlirudi nyumbani Unguja. Shemeji yangu anatembeza watalii kwenye shamba la viungo kule Kizimbani, wanaoneshwa karafuu, mdalasini, vanila, wanavishwa kofia za makuti, mwisho wanakaa bandani wanapewa chai, na pale mezani kuna kauntabuku limechorwa mistari: jina, nchi, simu, imeli, maoni.

Nikalifungua basi khaa, nasoma kama gazeti. Miaka mitatu ya watu mle! Namba zao, majina ya watoto wao, mwengine kaandika mpaka hoteli alofikia na chumba. Na kila anayekuja kuandika anawasoma wote waliomtangulia.

Siku ya tatu akapiga simu binti mmoja wa Kiholanzi, kaandika asubuhi na jioni keshapata meseji tatu, mmoja anamuuzia boti ya kwenda kisiwa cha Changuu, wa pili ana taksi, wa tatu anamwambia ana macho mazuri. Kumbe kuna papasi, wale wanaowaganda watalii mitaani kuwauzia safari, kaja kunywa maji pale bandani akaupiga picha ukurasa mzima. Shemeji aliona haya mpaka akakosa la kusema, na wallahi si mtu mbaya, yeye kaona wageni wote duniani wana kitabu chao basi na yeye kaweka.

Sasa watu wataniambia unatuletea mambo ya Wazungu. Hapana jamani. Sie hapa toka utotoni tunafunzwa piga hodi mara tatu, usipoitikiwa geuka urudi, na usichungulie dirishani. Mji Mkongwe baraza ziko nje kwa sababu hiyo hiyo, mgeni anakaa barazani, ndani haingii mpaka akaribishwe. Namba ya simu siku hizi ndo ukumbi wa mtu, tena na chumba cha kulala kabisa, ndo maana nashangaa tumelisahau hili kwenye daftari tu.

Kule ninapofanya kazi maoni yanaandikwa kwenye kikadi kisicho na jina, kinatumbukizwa kwenye sanduku lenye kufuli. Anayetaka tumpelekee habari za maonyesho anajaza kikaratasi chengine, tiki anaweka mwenyewe kwa mkono wake, marufuku sie kumwekea, na akinyamaza kimya chake si ndiyo. Akituuliza tuna nini chake tuna mwezi mmoja wa kumjibu. Mwanzo nliona usumbufu mtupu, lakini nkaja kugundua kikadi kisicho na jina kinasema kweli: choo kinanuka, maandishi madogo, yule kijana wa mlangoni kanuna (ndo mie huyo). Kwenye kauntabuku la shemeji kila mtu kaandika hakuna matata, na ataacha kuandika vipi wakati shemeji mwenyewe kamsimamia na sinia la mananasi?

Na Waingereza nao wasije wakajifanya malaika. Mwaka 2020 wakati wa korona mikahawa ya Uingereza ilitakiwa iandike majina na simu za wateja na kuyaweka siku 21, na wapo wanawake walotumiwa meseji za kutongozwa na wafanyakazi wa humo humo. Tofauti ni kwamba wana pa kushitaki.

Na sie Tanzania sheria tunayo, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kazi Mei 2023 na Tume yake ipo. Ila kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na utalii si wa Muungano, basi pale barazani wanabishana mpaka Isha kama shamba la viungo limo au halimo. Mie nasema wakati wakibishana, daftari bado liko mezani.

Tukafanya hivi: kopo la biskuti tumelitoboa kifuniko, vikadi vya maoni bila jina, na badala ya kuchukua namba ya mgeni tukamwandikia namba ya shemeji nyuma ya kikadi chengine aondoke nacho, akitaka atapiga yeye. Kauntabuku la zamani dada kalitia moto jikoni, maana lingeuzwa tu kwa karatasi, nshawahi kununua njugu Forodhani zimefungwa kwenye fomu ya mtu, jina na simu juu.

Wiki ya kwanza kopo likatoa kikadi: chai ina sukari nyingi mno. Shemeji kapanda, nani huyu? Namwambia hatujui, na ndo ilivyotakiwa. Juzi kanipigia huku, bado analinganisha miandiko, anasema lazima awe yule Mfaransa.