Si mguso mmoja, ni miwili

Makala moja inautaja mmea wa Dionaea muscipula, unaonasa wadudu kwa majani yake, kuwa ishara ya Muumba, halafu inasema jani hufunga nzi akiligusa tu. Sivyo, na hapo ndipo penye ishara yenyewe. Kila upande wa jani una vinywele vitatu hivi, na lazima viguswe mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi. Tone moja la mvua halilishtui. Likishafunga, mdudu akizidi kufurukuta, ni baada ya miguso kama mitano ndipo vimeng'enya vya kumyeyusha huanza kutengenezwa. "Kwa hakika Sisi tumeumba kila kitu kwa kipimo" (Qurani 54:49): aya hii inafaa hapa kuliko maneno ya makala hiyo, "mmea katili".

Wala hauishi kwa nzi. Nguvu zake hutoka kwenye jua, kama mchicha. Mdudu huupa naitrojeni, kirutubisho ambacho ni haba kwenye udongo wa kwao, North Carolina na South Carolina, Marekani. Ndiyo maana samadi na maji ya bomba huuua: mizizi haistahimili chumvichumvi. Mkiupanda, kingeni maji ya mvua ya kuumwagilia. Na vipande vya nyama msiutilie, jani litaoza.