Sentimita Moja Ilivyomwangusha Baba Mkwe

Dukani niliingia kutafuta meza na viti vya barazani, tepu ya kupimia kiunoni na sumaku mfukoni. Muuzaji aliponiona nimeinama naibandika sumaku kwenye mguu wa kiti, alidhani nimekuja kutegua bomu. Lakini mimi nilikuwa najua ninachofanya: sumaku ikinasa, hicho ni chuma, na siku rangi ikichubuka kutu itaanzia hapohapo. Isiponasa, yaelekea ni aluminiamu. Haikunasa. Viti sita, vyenye mikono, nikavitenga.

Kwenye meza ndiyo nilijiona profesa. Msaji mtupu, urefu sentimita 180, upana 90, mbao za juu zimeachana milimita 5 ili maji ya mvua yapite na mbao zipate pa kutanukia. Msaji una mafuta yake ya asili. Hata usipoupaka kitu, jua litaugeuza kijivu tu, kama ndevu za mzee. Nikalipa, nikaondoka kifua mbele.

Baraza langu lina upana wa mita 2.1. Upande mmoja ni ukuta, upande wa pili ni ukingo mtupu, na sentimita 30 chini yake kuna tuta la maua. Toa meza, gawanya kwa mbili: unabaki na sentimita 60 kila upande. Kiti nacho, kutoka mbele hadi nyuma, ni 60. Sikushtuka, kwa sababu viti vingeingia chini ya meza: mikono yake iko sentimita 67 kutoka sakafuni, meza ina kimo cha 75.

Kumbe chini ya uso wa meza kuna ubao unaoshika miguu, nao unateremka sentimita 9. Nafasi inayobaki ni 66. Mikono ni 67. Viti vyote sita vikagoma kuingia kwa sentimita moja, vikabaki vimeikodolea meza macho, na vile vya upande wa bustani vikawa vimesimamia ukingo kwa miguu ya nyuma kama mbuzi jabalini.

Usiku ikanyesha. Asubuhi nikapapasa mito ya viti: mikavu kabisa. Foronya zake zilikuwa za kitambaa kisichopitisha maji, na hapo ndipo penye hila. Maji hayapiti kwenye kitambaa, hupenya kwenye matundu ya sindano pale kwenye mishono. Yakishaingia, kitambaa kilekile kinayazuia kutoka. Ndani kulikuwa na sponji ya kawaida, ya godoro. Mto wa 50 kwa 50, unene 10, una ujazo wa lita 25, kwa hiyo maji hayakukosa pa kulala. Sponji ya viti vya kukaa nje huwa na matundu makubwa, na foronya yake ina wavu upande wa chini. Ukiimwagia kikombe cha maji, yanatokea chini papo hapo. Jaribio hilo nilikuwa nalijua. Nilisahau kwenda na kikombe.

Saa nne baba mkwe akafika, suruali imepigwa pasi mpaka ina makali.

"Karibu Baba, kaa huku kwenye upepo."

Akakaa. Mto ukapumua. Mzee hakusema neno. Alitulia, macho yamemtoka, na nilimwona akijiuliza swali ambalo mtu wa umri wake hapendi kujiuliza mbele ya mkwe.

Kisha akataka kuinuka. Mtu akiinuka mezani husukuma kiti nyuma, ndiyo maana huachwa sentimita 75 hadi 90 kutoka ukingo wa meza. Mimi nilikuwa na 60, na zote kiti kilikuwa kimeshazikalia. Miguu ya nyuma ikaondoka barazani. Mzee akadaka mlingoti wa mwavuli.

Sasa, mwavuli wa mita 2.7 unaosimama peke yake unataka kitako cha kilo 30 na ushee. Changu kilikuwa cha plastiki, lita 15, nimekijaza maji: kilo 15. Kwa mchanga mkavu ningepata kama kilo 24. Bado zisingetosha, ila pengine angewahi kusema "ala!"

Wakaenda pamoja: mzee, kiti, mwavuli, na mto ungali unachuruzika. Tuta lilikuwa laini, mwavuli ukamfunika mzima mzima. Kimya. Halafu sauti ikatoka chini yake, ya upole wa kutisha:

"Mkwe."

"Naam, Baba."

"Kivuli ni kizuri. Sasa niletee kiti."

Nimeshaweka vibao vya sentimita 2 chini ya miguu ya meza, na mikono ya viti sasa inapita. Upande wa ukuta nimeweka benchi lisilo na mgongo, linalotosheka na sentimita 45, meza ikasogea, na upande wa bustani nikapata 75. Baba mkwe alipokuja tena alikwenda moja kwa moja kwenye benchi, akaubonyeza mto kwa ngumi mara tatu, ndipo akakaa. Kule ukingoni akanionyesha mimi.