Dalglish au Gerrard: Nani Mkubwa Zaidi Liverpool?

Kuna klabu ambazo ukiuliza nani mchezaji wao mkubwa kuliko wote, hupati hata mtu wa kubishana naye. Barcelona ni Messi, Santos ni Pelé, basi. Liverpool ni habari nyingine. Shabiki aliyeiona timu ile miaka ya 1970 na 1980 atakutajia Kenny Dalglish kabla hujamaliza swali. Aliyekesha usiku wa Istanbul mwaka 2005, Liverpool ilipotwaa Ligi ya Mabingwa, atakutajia Steven Gerrard kwa haraka ile ile. Siku hizi Mohamed Salah naye ameingia kati na kuvuruga hesabu za pande zote mbili.

Rekodi tupu haziamui kesi hii. Zingekuwa zinaamua, mshindi angekuwa Ian Rush kwa mabao yake 346, au Ian Callaghan kwa mechi zake 857, na hakuna anayewapigania hao wawili kwa nguvu ile. Yupo pia Billy Liddell, winga aliyefunga mabao 228 katika mechi 534 baada ya Vita Kuu ya Pili kumla miaka kadhaa ya ujana. Alitwaa ubingwa mwaka 1947, timu ikashuka daraja mwaka 1954, akabaki nayo mpaka alipostaafu mwaka 1961, na ilikuwa bado haijapanda. Waliomwona kwa macho wamebaki wachache na picha za mechi zake ni haba, kwa hiyo hutajwa kwa heshima halafu mabishano yakaendelea bila yeye. Si haki, lakini nami nitamwacha hapo hapo, maana sina cha kumpimia.

Tuanze na Gerrard, kwa sababu hoja yake ndiyo inayogusa moyo haraka. Mtoto wa pale pale, aliyelelewa na klabu tangu utotoni, akaanza kucheza kikosi cha kwanza Novemba 1998 na kupewa unahodha mwaka 2003 akiwa na miaka 23. Alicheza mechi 710 na kufunga mabao 186, akiwa kiungo. Alifunga katika fainali nne za aina nne: Kombe la UEFA mwaka 2001, Kombe la Ligi mwaka 2003, Ligi ya Mabingwa mwaka 2005 na Kombe la FA mwaka 2006. Alijifunga pia katika fainali ya Kombe la Ligi mwaka 2005 dhidi ya Chelsea, jambo ambalo wafuasi wake hulisahau kwa makusudi.

Lakini uzito wa hoja yao hauko kwenye orodha ya makombe. Uko kwenye swali hili: mtoe mtu huyu, kinabaki nini? Msimu wa 2004/05 Liverpool ilimaliza ya tano kwenye ligi ikiwa na pointi 58, nyuma ya Everton, na nyuma ya bingwa Chelsea kwa pointi 37. Timu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa bingwa wa Ulaya. Isingefika hata hatua ya mtoano kama si shuti la Gerrard dhidi ya Olympiakos dakika ya 86, usiku ambao ushindi wa 2-1 usingetosha. Kwenye fainali ya Istanbul, Milan ya Maldini, Pirlo, Kaká na Shevchenko ikaenda mapumziko inaongoza 3-0. Gerrard akafunga la kwanza kwa kichwa dakika ya 54, dakika chache baadaye Gattuso akamwangusha ndani ya boksi ikapatikana penalti ya bao la tatu, kisha akamaliza mechi akicheza beki wa kulia kumzuia Serginho. Mwaka uliofuata, fainali ya Kombe la FA dhidi ya West Ham, alitoa pasi ya bao la kwanza na kufunga mengine mawili, la mwisho likiwa kombora la mbali dakika za nyongeza huku wenzake wakitembea kwa kukakamaa misuli.

Hayo ni makubwa na sitaki kuyapunguza. Ila hadithi ya mtu mmoja aliyebeba timu nzima imepambwa. Usiku ule wa Istanbul kocha Rafael Benítez alibadili mfumo wakati wa mapumziko, akamwingiza kiungo Dietmar Hamann na kuwaacha mabeki watatu nyuma, na hapo ndipo kiungo cha Milan kilipoanza kukosa nafasi. Beki Carragher alizuia mashambulizi miguu ikiwa imekwisha. Kipa Jerzy Dudek aliokoa mpira wa Shevchenko katika muda wa ziada kwa namna ambayo hata ukirudia picha mara kumi hujui ilikuwaje. Mikwaju ya penalti ilipopigwa, Gerrard hakufikiwa zamu.

Wapinzani wake huja mbio na hoja mbili, na zote naziona nyepesi. Ya kwanza ni kwamba Julai 2005, wiki chache baada ya Istanbul, alitangaza anaondoka, Chelsea wakiwa mlangoni, kisha akageuza uamuzi. Kweli, lakini alibaki miaka kumi zaidi. Ya pili ni kuteleza kwake dhidi ya Chelsea tarehe 27 Aprili 2014, Demba Ba akafunga, na ubingwa, wanasema, ukapotea pale. Pigeni hesabu. Manchester City walimaliza na pointi 86, Liverpool 84. Hata mechi ile ingeisha sare, Liverpool wangepata 85. Wiki moja baadaye timu hiyo iliongoza 3-0 dhidi ya Crystal Palace ikaruhusu kusawazishiwa, lakini jambo hilo halina picha ya mtu mmoja akianguka, kwa hiyo halikugeuzwa wimbo wa kejeli.

Hoja nzito dhidi ya Gerrard iko kwingine. Tunaambiwa hakutwaa ubingwa wa ligi kwa sababu alizungukwa na wachezaji wa kawaida. Kwa mwaka 2005 nakubali. Vipi kuhusu 2008/09? Alikuwa na Xabi Alonso, Javier Mascherano na Fernando Torres. Timu ilipoteza mechi mbili tu msimu mzima, ikapata pointi 86, ikawa ya pili kwa sababu ilitoka sare mara 11. Mwaka 2014 alikuwa na Luis Suárez aliyefunga mabao 31 ya ligi. Mechi ngumu ya usiku mmoja Gerrard aliweza kuigeuza peke yake. Zile sare za Jumamosi, dhidi ya timu iliyojipanga nyuma ya mpira, zilihitaji mtu wa kutuliza mchezo na kusubiri upenyo, na hapo nguvu yake kubwa ilikuwa pia udhaifu: kila mpira alitaka uwe ndio wa mwisho. Makocha walimhamisha katikati, pembeni kulia, nyuma ya straika, kisha mbele ya mabeki. Kwa watetezi wake huo ni ushahidi wa kipaji. Mimi naona pia kwamba hakuna kocha aliyekuwa na hakika mahali pake hasa ni wapi.

Dalglish mahali pake palijulikana. Alikuja Agosti 1977 kutoka Celtic kwa pauni 440,000, rekodi ya uhamisho kati ya klabu za Uingereza wakati huo, kuziba pengo la Kevin Keegan aliyekwenda Hamburg. Kwa wanaopenda swali la "mtoe, kinabaki nini?", hili ni jaribio ambalo historia yenyewe ilitufanyia. Keegan hakuwa mchezaji aliyechoka. Alikwenda Ujerumani akatwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya wakati huo, mara mbili mfululizo, 1978 na 1979. Liverpool iliondokewa na mtu wa kiwango hicho ikiwa bingwa wa Uingereza na wa Ulaya, na ikawa bora zaidi. Mei 1978 Dalglish aliuinua mpira taratibu juu ya kipa wa Club Brugge pale Wembley, 1-0, Kombe la Ulaya, yaani Ligi ya Mabingwa ya leo, likabaki nyumbani. Msimu uliofuata timu ilifunga mabao 85 ya ligi na kufungwa 16 tu katika mechi 42.

Kwa jumla: mechi 515, mabao 172, ubingwa wa ligi mara sita akiwa uwanjani, Makombe ya Ulaya matatu. Bao la ushindi lililoleta ubingwa wa 1986 pale Chelsea alilifunga mwenyewe, akiwa na miaka 35 na akiwa kocha mchezaji. Alituliza kwa kifua, akapiga.

Upande wa pili una jibu zuri, na lazima lisikilizwe. Klabu ilishinda ligi mwaka 1976 na 1977 kabla hajafika. Nyuma yake walikuwepo Souness, Hansen na Clemence, mbele yake baadaye Rush. Mtu akisema mashine ile ingeshinda makombe hata bila yeye, sina namna ya kumkatalia kabisa. Pengine isingeshinda matatu ya Ulaya, lakini isingekauka.

Ninachoweza kusema ni kwamba ubora wa Dalglish uko pale ambapo takwimu za zama zake hazikufika. Siku hizo hakuna aliyekuwa akihesabu pasi za mabao rasmi. Yeye alipokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, akamweka beki nyuma ya makalio yake, akasubiri sekunde moja zaidi ya ilivyostahili, ndipo akaachia. Rush alifunga mabao 47 msimu wa 1983/84, na sehemu kubwa ya hadithi ya mabao yale inaanzia miguuni kwa mwenzake. Ndiyo maana ukimsoma Dalglish kwenye jedwali unaona mshambuliaji mzuri tu, mwenye bao moja kila mechi tatu. Ukimwangalia akicheza unaona mtu aliyekuwa akiwachezesha wengine tisa. Mwaka 1983 alikuwa wa pili Ballon d'Or nyuma ya Platini, na waliompigia kura walikuwa wamemwona.

Kuna ujanja mmoja wa wafuasi wake ambao siukubali. Wanamwongezea ubingwa wa 1988 na 1990 alioupata akiwa kocha, wanamwongezea na ubinadamu wake baada ya maafa ya Hillsborough ya Aprili 1989 yaliyoua mashabiki 97, alipokwenda mazishi baada ya mazishi mpaka yeye mwenyewe akachoka na kujiuzulu Februari 1991. Kama swali ni nani mtu mkubwa zaidi aliyepita Anfield, uwanja wa Liverpool, baada ya kocha Bill Shankly, mjadala huo ni mfupi. Lakini swali ni la mchezaji. Mashabiki walipopiga kura kwenye tovuti ya klabu mwaka 2006 wakamweka wa kwanza, nina shaka ni wangapi walitenganisha mambo hayo mawili.

Hata nikiyaondoa yote hayo, naenda na Dalglish. Hoja ya Gerrard inategemea timu iwe dhaifu ili yeye aonekane. Timu ilipokuwa nzuri, hakuifikisha mwisho. Dalglish alikuta timu nzuri akaipandisha, kazi ambayo kwa macho haionekani kubwa, ila ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Wachezaji wengi wakubwa wameingia kwenye kikosi cha mabingwa wakakiharibu.

Sasa Salah. Huyu amebeba na ameshinda. Ametwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2019, ubingwa wa 2020 katika timu iliyopata pointi 99, na ubingwa wa 2025 ambao kwa kiasi kikubwa ni wake: mabao 29 na pasi za mabao 18 katika ligi peke yake, akiwa na miaka 32. Amekuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Uingereza ya zama hizi (Premier League) mara nne, idadi aliyofikia Thierry Henry tu kabla yake. Waliokuwa wakisema zama hizi hakuna tena nafasi ya kuingia kwenye meza ya wakubwa wa Liverpool wamelazimika kusogeza viti.

Kinachompunguzia ni fainali za Ulaya. Mwaka 2018 alitoka mapema kwa jeraha la bega, na huwezi kumlaumu. Mwaka 2019 alifunga penalti ya dakika za mwanzo kisha mechi ikawa ya kawaida. Mwaka 2022 kipa Courtois wa Real Madrid alimzuia kila alipojaribu. Hata hivyo misimu minane ya kufunga bila kukoma ina uzito kuliko usiku mmoja, kwa hiyo nampa Salah nafasi ya pili na Gerrard ya tatu. Lakini ukiniambia kesho kuna fainali, timu yetu iko nyuma 3-0 na kati ya hao watatu naruhusiwa kumwingiza mmoja tu kipindi cha pili, namwita Gerrard bila kufikiri.