Eilis hakurudi kutafuta mwanamume

Jumamosi tulikuwa wanawake sita sebuleni kwangu hapa Leicester, tukaangalia Brooklyn, ile filamu ya John Crowley ya mwaka 2015. Ilipokwisha, wenzangu wote watano walikuwa na neno moja kwa Eilis Lacey, yule msichana mhusika mkuu: msaliti. Ana mume Marekani, Tony, kaja kwao Ireland kumlilia dada, kisha anatembea ufukweni na Jim Farrell, kijana wa pale kwao. Nililala na hasira, na mpaka leo haijaisha.

Nakubali, ndoa aliificha, na barua za Tony akazitia kwenye droo bila kuzifungua. Ni kosa. Yule kijana fundi bomba hakustahili. Lakini jamani, tumeona alichokikuta Enniscorthy, mji wa kwao? Rose, dada aliyemtafutia njia ya kuondoka, alifariki mwenzake yuko ng'ambo ya bahari. Mazishi yakapita. Eilis aliporudi akaombwa ashike kazi ya hesabu ofisini kwa Rose, akaketi pale pale alipokuwa akiketi marehemu. Mama amebaki peke yake, na mji mzima unampangia maisha kana kwamba hakuwahi kupanda meli. Jim alikuja na hayo yote kwa pamoja. Msichana yule alikuwa akiziba pengo la dada yake kwa mwili wake mwenyewe.

Najua kwa sababu nimefanya. Baba alipofariki Tanga, simu ilinifikia alfajiri, na alasiri walikuwa wameshamzika. Nilipofika hitima ilishasomwa, viti vya kukodi vimesharudishwa. Kesho yake nikachukua funguo, nikafungua duka lake la vifaa vya umeme. Wateja wakaniita kwa jina langu la utotoni. Wiki tatu nilipima nyaya na kuandika madeni daftarini, chini ya mwandiko wake. Mume wangu akipiga, naitazama simu inaita mpaka inakata. Nampenda mume wangu, na hapakuwa na mwanamume mwingine. Lakini ungeniuliza siku zile mimi ni wa wapi, nisingemtaja.

Saoirse Ronan, aliyemwigiza Eilis, anaujua uzito huo. Tazama uso wake anapoongea na mama yake kwenye simu baada ya msiba. Hakuna anachoweza kufanya ila kushikilia mkono wa simu na kulia.

Filamu ina upungufu wake, mtaa wenyewe wa Brooklyn, kule New York, umeonyeshwa safi mno. Na wale wazee wa Ireland ambao Eilis anawapakulia chakula cha Krismasi huko Marekani, waliojenga madaraja na mahandaki na sasa hawana pa kurudi, walistahili filamu yao wenyewe. Miaka ile ya 1950, wakati wa hadithi hii, zaidi ya watu 400,000 waliihama Ireland, wengi wao wakaenda hapa hapa Uingereza.

Mwisho Eilis anamwambia mama ukweli. Mama anauliza kuhusu huyo mume, kisha anaaga usiku ule ule, mara moja tu, anakwenda kulala. Wenzangu walisema mama yule ana moyo mgumu. Wangu alinisindikiza mpaka kwenye teksi, akanyoosha mkono, nikamrudishia funguo za duka. Akageuka, akaingia ndani kabla gari halijaondoka.