Sado ya Dagaa, Dakika ya 63

Kwenye redio yetu ya mkoani hapakuwa na mtangazaji wa michezo. Palikuwa na mtu anayetangaza mpira, anayezunguka kutafuta matangazo, na jenereta ikigoma ndiye anayetumwa petroli. Hapo Mwanza mtu huyo alikuwa mimi. Mshahara ulikuja ukijisikia, kwa hiyo niliishi kwa kamisheni.

Wiki hiyo nilimpata mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Alitoa elfu thelathini atajwe mara tano kwenye mechi. Ofisini zilifika elfu ishirini. Hapo naomba tusihukumiane.

Mechi ilikuwa Nyamagana, vijana wa Igoma na wa Mabatini. Gari la matangazo hatukuwa nalo, tulirusha kwa kitochi. Nilikuwa na viwili, vyeusi vyote, nimevinunua siku moja pale Makoroboi: kimoja cha studio, kimoja cha wateja.

Dakika ya 60 cha wateja kikaita. Mama. Nikapokea, nikanong'ona, "Subiri kidogo Mama," nikakishika mkono wa kushoto bila kukata. Hapo hapo winga wa Igoma akamimina krosi, mpira ukamgonga beki wa Mabatini kisogoni, ukazama wavuni. Mzee mmoja nyuma yangu, ambaye tangu filimbi ya kwanza alikuwa anawapima wale watoto kwa Pamba iliyochukua ubingwa wa nchi 1990, akanikumbatia kama vile nimefunga mimi. Simu zote mbili chini, kwenye maganda ya karanga.

Nikaziokota, nikaendelea. Jamani, nilitangaza! Sijawahi kutangaza vile tangu nizaliwe. Sauti ilipanda, ikashuka, nikamwaga na mashairi. Nilipotulia nikahamia simu ya pili, mkono mdomoni.

"Shikamoo Mama. Najua nimekutaja mara mbili tu, zilizobaki zinakuja. Ila tafadhali usipige ofisini, kule wanajua umelipa elfu ishirini. Na fadhila zako sijazisahau, juzi sado umenipa kwa elfu nne, wengine wote unawatoza saba."

Kimya. Yule mama hajawahi kunyamaza hata akiwa anahesabu hela, nilipaswa kushtuka. Badala yake nikashtukia kijana wa mbele, mwenye karedio sikioni, anageuka polepole kunitazama.

"Unaniangalia nini?" nikamuuliza.

"Unaniangalia nini?" karedio kakauliza.

Ya bosi nafupisha: alikata ile elfu kumi, akakata na kamisheni, na kitochi cha studio tangu siku hiyo kikafungwa utepe mwekundu.

Jumatatu nikaenda Mwaloni kuomba radhi. Kwenye meza ya Mama palikuwa na watu kama wa kupiga kura, kila mmoja na mfuko wake, wanadai sado ya elfu nne "ile ya redioni". Aliponiona tu:

"Bhebhe! Njoo uwauzie wewe!"

Nikavaa aproni, nikapima dagaa mpaka jioni, natukanwa kushoto na wateja, kulia na mwenye mali. Jua likizama tukakaa juu ya magunia matupu. Mama akanimiminia chai, akanitazama kwa muda.

"Lakini mwanangu, ile siku ulitangaza vizuri mno. Ukakata simu wamepata kona. Waliifunga?"