Posho ya mtoto isingoje orodha ya maskini

Nchi inapobadili uchumi wake, wananchi huambiwa wavumilie miaka michache tu. Hiyo "michache" ndiyo inayonikera. Kwa waziri wa fedha, miaka saba ni kipindi cha mpito. Kwa mtoto aliyeingia darasa la kwanza, ndiyo shule yote ya msingi.

Tazama Mongolia, nchi ya wafugaji iliyo kati ya Urusi na China. Mfumo wa zamani wa kikomunisti ulipoanguka mwaka 1990, msaada wa Umoja wa Kisovieti, uliofikia karibu theluthi ya pato la taifa, ukakatika. Vyama vya ushirika vya wafugaji vikavunjwa, mifugo ikagawiwa kwa kaya. Kwenye karatasi ni habari njema: kila familia ina mali yake. Ila mali yenye miguu minne inataka mchungaji, na mchungaji asiyelipwa ni mtoto wa nyumbani. Wavulana wakatolewa shule, wasichana wakawapita kwa mbali, pengo likaonekana hadi vyuo vikuu.

Mtoto wa mfugaji anayehamahama husoma akikaa bweni. Awali serikali ndiyo iliyolisha bweni. Katika miaka ya 1990 wazazi wakatakiwa kupeleka nyama. Sasa mfikirie mama mwenye mbuzi wa kuhesabika na watoto wanne. Achinje wangapi ili wote wasome? Mmoja atabaki, na atakayebaki ni yule mwenye nguvu za kuchunga.

Ulaanbaatar, mji mkuu wa huko, kulikuwa na watoto waliolala chini ya ardhi, kando ya mabomba ya maji ya moto, maana juu baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri.

Posho ya watoto, yaani fedha ambazo serikali hulipa kwa ajili ya mtoto, ilikuja mwaka 2005, miaka 15 baadaye. Ilianza kwa maskini tu, mwaka uliofuata ikawa ya kila mtoto, kisha ikawa ya kuvutana: watoto wote, au maskini pekee? Mimi nasema wote. Najua, tajiri naye atapata (akipenda airudishe). Lakini huko kuna dzud, majira ya baridi kali yanayoua mifugo kwa mamilioni. Mwenye kundi kubwa mwezi wa kumi anaweza kuwa hana kitu ifikapo Machi, na orodha ya maskini haina jina lake.

Mwaka 2020, korona iliposimamisha kazi, posho ilipandishwa kutoka tugriki (fedha ya Mongolia) 20,000 hadi 100,000 kwa mwezi. Ilitoka upesi, kwa sababu watoto karibu wote walikuwa wameshaandikishwa.